Ulivyokuwa Unampisha Babu

Mpendwa Mama,

Leo sina salamu ndefu, nina maswali. Yamenijaa tangu tuanze mazoezi ya ngoma yetu mpya, na wa kuyajibu ni wewe, na wewe ndiyo hivyo tena, umeshatutangulia. Baba naye nikimuuliza habari zako anaanza kuongelea mvua. Kwa hiyo naandika.

La kwanza kabisa: hivi ulikuwa unaogopa, au ulikuwa unafurahia?

Unajua ninachosema, ila barua hii itasomwa na watu wasiotoka kwetu, acha niwaeleze kidogo. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani ana kwa ana na baba mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Akisikia anakuja, anampisha. Siyo ugomvi, ni heshima. Sasa Babu alipofiwa na Bibi, Baba alimleta kuishi nasi Iyunga, pale Mbeya, kwenye nyumba yenye ua mmoja, bomba moja na mlango mmoja wa jikoni. Mtu mwingine angesema haiwezekani. Wewe uliweza kwa miaka, ndoo ya maji kichwani na mdogo wangu mgongoni.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha jikoni, nakutazama. Babu anakohoa kule mbele, anatokeza kwenye kona ya nyumba. Wewe unageuka, unaelekea kwenye migomba, unazunguka nyuma ya choo, unatokea upande wa pili, na maji hayajamwagika hata tone. Babu anapita taratibu huku anaangalia paa kana kwamba limeanza kuvuja. Siku moja nilikuuliza unajuaje pa kukanyaga. Ukanijibu, "Gwe mtoto, usiniongeleshe, nitamwaga maji."

Basi nikanyamaza, lakini swali halikunyamaza.

Unakumbuka nilivyokuaga naenda Dar kujifunza dansi ya kisasa? Uliniuliza kama kweli kuna watu wanaotoa kiingilio ili wamwone mtu mzima akijiviringisha sakafuni. Wapo, Mama. Nimejiviringisha Dar, nimejiviringisha Nairobi, nimejiviringisha hadi Ulaya kwenye baridi inayofanya Julai ya Mbeya ionekane utani. Na kila nilikocheza hakukosekana mtu wa kuniuliza, ule mgeuko wako wa kumwachia mwenzako njia, umejifunza shule gani? Nilikuwa najibu, jikoni. Wanacheka.

Siku hizi niko Iringa. Nafundisha kwenye ukumbi mmoja pale Mlandege, na mlango wangu uko wazi kwa yeyote mwenye mwili. Mwanzoni watu waliuliza, mtu asiyetembea atachezaje? Mimi nilijiuliza hilohilo, ila kwa hamu ya kuona. Ndivyo nilivyompata Tumaini, binti wa Kihehe anayetumia kiti mwendo, mwenye mikono ya kupasua kuni na mdomo wa kupasua zaidi. Ndivyo nilivyompata Ezekia, kijana asiyeona, anayesikia kiatu chako kikiwa bado barabarani. Nilipoamua kutunga ngoma kuhusu ule ua wetu, nilimpa Tumaini nafasi yako na Ezekia nafasi ya Babu.

Nikaanza kwa kumfundisha Tumaini kona zako kama mwili wangu unavyozijua. Pinda goti hivi, vuta kisigino hivi. Alinisikiliza kwa adabu kwa muda, halafu akafunga breki za kiti chake.

"Mwalimu, mimi miguu yako sina haja nayo. Niambie mama alikuwa anataka nini."

Nilifikiri. Nikamwambia, alitaka kufikisha maji jikoni, na mkwe wake apite na heshima yake.

"Sasa hapo umesema," akajibu. Akashika gurudumu moja, akaachia lingine, kiti kikazunguka mara moja na mgongo wake ukaniangalia. Mama, nilikuona.

Ezekia naye akazua lake. Walipoanza kucheza pamoja, alisimama katikati ya ukumbi na kukunja mikono.

"Jamani, mimi huyu mkwe wangu nitajuaje yuko wapi? Mwambieni apige kelele kidogo, nisije nikamgonga, ikawa kesi ya ukoo."

Watu walicheka hadi kushika mbavu. Mimi nilikwenda kukaa chini ukutani. Babu aliishiwa macho ile miaka yake ya mwisho, na ni miaka hiyohiyo wewe ulipoanza kuimba uani. Kabla ya hapo ulikuwa kimya kama paka. Ghafla ukawa unaimba nyimbo za kanisani kwa pua, unaburuta ndala, unagonga kikombe kwenye ndoo. Nilidhani umepata furaha fulani ambayo hukutuambia. Kumbe zamani Babu ndiye aliyekuwa anakohoa ili ujue alipo, na macho yake yalipokwisha, zamu ya kutoa ishara ikawa yako. Hamkuwa mnakimbiana. Mlikuwa mnapeana nafasi, watu wawili ambao hamjawahi kusemezana. Nani aliwapangia? Au hakuna aliyepanga?

Tulialikwa kuionyesha ngoma hiyo Mbeya, nyumbani kabisa. Nikampigia Baba kumwomba ruhusa, kwa sababu ni ua wake, na wewe ni wake kabla hujawa wangu.

"Mambo ya mkwe hayapelekwi jukwaani," akasema. "Ukoo utasema mnamwanika mama yenu. Hapana."

Nikawaambia vijana kwamba Baba asiporidhika hatuendi. Kazi ya miezi yote ile ingeishia hapohapo Mlandege. Niliumia, nisikufiche, lakini sikuwa tayari kukuchukua bila yeye. Tumaini akasema, "Amekataa kitu ambacho hajakiona. Mwite aje."

Nikamwita, ingawa sikutegemea aje. Alikuja na basi la asubuhi, koti limefungwa vifungo vyote, na mfuko wa mchele aliounyakua dirishani basi liliposimama Chimala. "Haufikii wa Kyela," akasema akinikabidhi, "lakini mtakula." Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia mapajani, akakataa chai. Nikajua amekaa pale ili aondoke kirahisi.

Wakaanza. Ezekia akakohoa, Tumaini akazungusha kiti, na mimi sikuitazama ngoma hata kidogo, nilimtazama Baba. Walipofika kwenye ule mgeuko wako, alisimama. Nikafuata nyuma yake ili nimsindikize mlangoni.

Hakwenda mlangoni.

"Siyo hivyo," alimwambia Tumaini. "Wewe unageuka haraka mno. Yeye alikuwa anasimama kwanza. Anashusha pumzi. Halafu bega, ndipo mwili unafuata."

Akaweka kofia sakafuni. Akainua mkono mmoja, akashika ndoo ambayo haikuwepo. Mzee wangu, ambaye harusini huwa anapiga makofi akiwa amekaa, alisimama, akashusha pumzi, akalegeza bega la kushoto, akageuka. Polepole, uso ukielekea ukutani. Na uso ule ulikuwa unatabasamu.

"Alikuwa anatabasamu?" nikauliza.

"Kila siku. Nyie mlikuwa mnaona mgongo. Mimi nilikuwa dirishani."

Miaka yote hiyo, Mama, nilijua mtazamaji wako ni mimi peke yangu. Nililia mbele ya wanafunzi wangu wala sikujifuta. Tumaini alisogeza kiti hadi miguuni pa Baba akasema, "Mzee, rudia, nilikuwa naangalia mkono." Baba akarudia. Kisha akarudia tena bila kuombwa, na Ezekia akikohoa ili kumpa mwendo.

Alipomaliza aliokota kofia, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, akanitazama kama mtu anayekumbusha jambo dogo.

"Mkifika Mbeya," akasema, "msikosee hilo bega."

Pumzika, Mama. Tunakuja nyumbani.

Mimi mwanao,
kifungua mimba wako.