Uyoga na Dirisha la Mama

Jumanne, 2004. Mawingu mazito tangu alfajiri, lakini mvua haitaki kushuka.

Moyo wangu haujatulia tangu jana. Nimekuja siber ya mjini, kwenye kompyuta za kulipia, kuandika haya kwa sababu nyumbani siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda kuchungulia uyoga.

Uyoga wenyewe nauotesha stoo, ndani ya mifuko ya maganda ya pamba. Nilifundishwa kwenye maabara ya kilimo: mbegu za chupani, kipimajoto ukutani, pampu ya kunyunyizia maji. Shamba la marehemu baba tunaliona kutoka nyumbani Gihosha, liko juu ya kilima, lakini tangu vita vianze hakuna anayethubutu kupanda huko. Basi nikaleta shamba ndani. Wapishi wa nyumba kubwa za Kiriri hunipigia simu, nami napeleka.

Mdogo wangu Hamisi, ambaye ukimtajia jembe anacheka, ndiye sasa ananyunyiza maji asubuhi na jioni. Kabla ya hapo alikuwa ameshafunga begi lake avuke mpaka kwenda Uvira kutafuta maisha. Begi lilibaki chini ya kitanda. Mpaka jana sikuwahi kuliona limefunguliwa.

Shida ni moja: stoo ndicho chumba pekee kisicho na dirisha. Uyoga unakipenda kwa sababu hiyo. Sisi pia.

Jana alasiri risasi zilianza kulia kilimani, tukakimbilia humo kama kawaida yetu, tukalala chini kati ya mifuko. Mama ana pumu. Vumbi la uyoga likamshika, akakohoa mpaka nikadhani tunampoteza. Mlango hatukuweza kuufungua. Na mimi, Mungu anisamehe, mkono mmoja ulikuwa mgongoni kwa mama, mwingine ulikuwa unazuia mfuko usianguke.

Kulipotulia alitoka, akanywa maji, akaniambia taratibu, "Zena, mwanangu, hii chumba ni ya kujificha. Haiko shamba."

Hamisi aliingia chumbani kwake, nikasikia begi likivutwa sakafuni.

Sikupata usingizi. Nikiiondoa mifuko, Hamisi anaondoka. Nikiiacha, siku moja mama atakata pumzi humo ndani.

Leo asubuhi nilimkuta mama ameshakunja godoro lake.

"Hiyo mifuko muweke mu chumba yangu," akasema. "Mi nitalala mu stoo. Hamisi, tafuta mbao, uzibe dirisha."

"Mama, utalala bila hewa?" nikamuuliza.

"Risasi zikilia si tunakimbilia mu stoo? Basi mi nitakuwa nimeshafika."

Akacheka peke yake. Hamisi akaenda kuazima nyundo kwa jirani.

Dirisha la mama linatazama kilimani. Kila siku baada ya swala ya alfajiri husimama hapo akiliangalia shamba la baba, kisha ndipo anawasha mkaa. Leo mama alisimama hapo huku Hamisi akipigilia mbao, mpaka ubao wa mwisho.

Begi la Hamisi limetundikwa msumarini, tupu. Nililiona wakati natoka. Nilitaka kufurahi.

Nilimwambia mama ahsante. Nilipaswa kumwambia hapana. Nimekaa hapa najiuliza kama nikirudi nitamwambia, na najijua. Sitamwambia.