Ukweli Aliouleta Fredy

Kahama, upande wa Buzwagi
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Philomena,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Goti linaendeleaje tangu ulipobadilishiwa dawa? Na shemeji Donatus, kile kikohozi chake cha asubuhi kimepungua? Sisi huku hatujambo. Rhoda anakusalimu sana na anasema ule mchele uliotuletea umekwisha, ila ameniomba nisiandike hivyo. Watoto wanasoma. Mvua inasuasua, lakini kazi ya milango na vitanda ipo, siwezi kulalamika.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza, dada, na mimi nikikatizwa narudi kwenye maneno niliyoyazoea. Haya ninayotaka kukuambia leo si yale niliyoyazoea. Nitampa dereva wa basi la Shinyanga anayeegesha karibu na karakana yangu, naye atakuachia hapo Ngokolo.

Ni habari za Davis. Mengi unayajua, lakini niache niyapange upya kwa mkono wangu mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuwa Kharumwa enzi zile. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara, lile shimo letu la dhahabu, zisiwaangukie walio chini. Walikuwa wananiita Fundi Macho, kwa sababu nilikata gogo bila kupima, nikashuka nalo, likakaa. Jina hilo nililipenda kupita kiasi. Vijana wengine walikuwa wanarudi chini jioni kukagua matimba yao, wanayagonga mojamoja kusikiliza. Mimi sikurudi. Kukagua nilikuona ni kazi ya mtu anayejifunza.

Kisha ukuta ukamwangukia Davis akichimba. Fredy, aliyekuwa naye chini, akavunjika mkono. Davis alitolewa akiwa hai, akafia njiani ndani ya gari wakimpeleka hospitali, mama yake akiwa amempakata kichwa. Mazishini ulikuwepo, uliona mwenyewe. Nilipoinama kuchukua udongo nikautupe kaburini, Mama Davis alinishika kiganja mbele ya watu wote akaniambia, "Weka chini huo udongo." Sauti yake haikuwa ya juu. Nikauweka. Wiki ile ile nikahama Kharumwa, na tangu hapo nimekuwa natengeneza milango.

Tangu siku hiyo wewe umekuwa ukinitetea kila penye watu wawili au watatu. Mimi nami nimekuwa nikisema, kwako na kwa Rhoda na kwa yeyote aliyenisikiliza, kwamba timba langu lilikuwa zima, kwamba mwamba ndio uliokatika. Nimesema hivyo mara nyingi hata maneno yakawa kama sala ambayo mtu anaitoa huku akiwaza mambo mengine.

Basi, mwezi uliopita Fredy alikuja karakana. Amezeeka kidogo, na ule mkono haukunyooka. Alikaa juu ya mbao, akakataa soda, akasema kwamba amechoka kuzunguka. Kila anapopita Kahama, akifika karibu na mtaa wangu anapita barabara nyingine ili tusionane, na sasa hataki tena. Ndipo akanieleza. Siku ile Davis aliona mstari wa dhahabu unaingia nyuma ya timba. Akamwambia Fredy walitoe, wachukue lile jiwe, walirudishe kabla sijashuka. Fredy alikubali, yeye ndiye aliyemmulikia tochi. Davis akapiga nyundo, timba likatoka, ukuta ukafuata. Baada ya msiba Fredy aliona si vizuri kumsema marehemu, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekubali, ikawa rahisi zaidi kunyamaza na kuniacha mimi nibebe lawama.

Sikumkasirikia, dada, na hilo lilinishangaza. Nilichohisi ni joto tu, kama mtu aliyesogezwa karibu na moto. Nilimwambia Rhoda anipigie pasi lile shati jeupe. Kesho yake nilimchukua Fredy tukaondoka na gari la Kakola, tukabadili hapo, tukaendelea hadi Kharumwa. Njia nzima sikuzungumza naye. Nilikuwa napanga hotuba. Nilijiambia kwamba naenda kuweka ukweli mahali pake, na neno hilo ukweli lilinipendeza kweli. Lakini kilichokuwa kinanijia machoni ni shingo ya Mama Davis ikiinama. Niliiona inainama, nikairudisha, nikaitazama tena inainama. Nilicheza nayo hivyo mpaka tukafika.

Tulimkuta uani anabangua karanga. Amekonda. Nilimwamkia mwadila mayu, nikimwita mama kama zamani, akaitika kama vile nilimwacha jana, akatuonyesha mkeka. Nikaanza hotuba yangu. Nilisema yote, nikamgeukia Fredy athibitishe, naye akathibitisha akiwa anaangalia chini. Mama Davis aliendelea kubangua karanga mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Najua."

Nilidhani hakunielewa. Akarudia kwamba anajua tangu siku ile ile. Ndani ya gari, kabla hajakata roho, Davis alimwambia mwenyewe, "Mama, nimelitoa mimi." Nilimuuliza kwa nini basi alinifanyia vile kaburini, na kwa nini alinyamaza muda wote huu. Jibu lake nimelibeba hadi leo, nakuandikia kama alivyolisema: "Nilikuwa na mtu mmoja wa kumpenda na mtu mwingine wa kumkasirikia. Ningesema, wangekuwa mtu huyo huyo."

Shingo haikuinama. Alisema akinitazama usoni. Na mimi niliyekuja na shati la pasi sikuwa nimeandaa katika hotuba yangu mahali ambapo yeye anajua tayari.

Alisema kesho asubuhi jumuiya inasali kwake, tulale, atasema mbele ya watu. Tukalala kwa ndugu wa Fredy.

Asubuhi walikuja watu wa jumuiya, wakajaa uani. Baada ya somo kusomwa na kutafakariwa, Mama Davis alisimama. Hakuzunguka. Alisema kwamba mwanawe ndiye aliyetoa timba lililomuua, kwamba yeye alilijua hilo na akamwacha Stanslaus achukiwe, na kwamba anamwomba msamaha Stanslaus, ambaye ni yule pale. Akakaa.

Dada, nilikuwa nimeisubiri saa hiyo kuliko nilivyosubiri harusi yangu. Mzee mmoja akanipa pole. Mama mmoja aliyehamia Kharumwa juzijuzi akamuuliza jirani yake Davis ni nani. Kijana niliyemjua akiwa mdogo akaniambia kwa uchangamfu kabisa kwamba yeye alidhani nilishakufa. Mwenyekiti akamshukuru Mama Davis kwa ujasiri wake, akasema tuwaombee marehemu wote, tukawaombea. Halafu akauliza zamu ya kufagia kanisa wiki hii ni ya nani, na hapo ndipo mabishano yalipoanza, kwa sababu akina mama wa upande wa bondeni walisema walifagia wao wiki iliyopita.

Nilikaa palepale nikiwasikiliza wakibishana juu ya ufagio. Nilikuwa nimeamini kwamba Kharumwa nzima inaamka na kulala ikinilaumu. Kumbe watu walikuwa wamelima, wameoa, wamezika wengine. Aliyekuwa anakumbuka ni mama mwenye msiba wake, na Fredy, na mimi. Sikusikia uchungu. Nilijiona tu nilivyo mdogo, na si vibaya sana kujiona hivyo ukishazoea.

Ningeweza kuishia hapa, na wewe ungefurahi. Ungeenda kwa majirani hapo Ngokolo ukawaambia kwamba mdogo wako amesafishwa. Lakini kuna neno moja la Fredy ambalo sikuliandika pale juu, na nimeliruka makusudi, kama nilivyoliruka kichwani siku aliponiambia.

Fredy alisema Davis alipiga pigo moja.

Yeye kwake lilikuwa neno la kawaida tu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubeba mawe, hajawahi kufunga timba. Mimi nalijua timba. Likikazwa inavyotakiwa, kabari zikiingia zote, halitoki kwa pigo moja. Utapiga mpaka jasho likutoke, utapiga huku na huku, kabari ilegee, ndipo likubali. Baada ya jumuiya nilimvuta Fredy pembeni nikamuuliza kama ana hakika. Akajibu bila kufikiri, "Moja tu. Hata sisi tulishangaa."

Asubuhi ya siku ile, dada, nilikuwa na haraka. Msimamizi alikuwa amenisifu mbele ya wenzangu, akasema hakuna anayefunga kama mimi, na mimi nikataka kumwonyesha kwamba ni kweli. Nilifunga matimba yale upesi kuliko kawaida huku wenzangu wakinitazama. Je, lile moja nililikaza? Sijui. Nakumbuka kupanda juu nikiwa nacheka. Sikumbuki kupiga kabari ya mwisho. Na sikurudi kukagua, kwa sababu nilizokwisha kukutajia.

Kwa hiyo nilipokuwa nakuambia miaka yote hii kwamba timba langu lilikuwa zima, sikuwa nadanganya, lakini pia sikuwa najua. Nilipaza sauti ili nisijiulize. Fredy aliponiletea ukweli, niliuchukua ule upande unaonifaa, nikauvalisha shati jeupe.

Fredy aliondoka mchana ule. Mimi nilibaki. Nilitembea hadi lilipokuwa duara letu. Wamelifukia, pameota mbarika, mbuzi wanapita. Nilisimama kidogo. Niliona wazi kwamba njia ziko mbili tu. Naweza kurudi Kahama nikiwa mtu asiye na doa, na hakuna atakayejua kamwe, kwa kuwa Davis amekufa na Fredy hajui alichokisema. Au naweza kurudi uani kwa yule mama. Ningependa kukuambia kwamba nilichagua kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimechoka kujitetea, na nilijua nikirudi Kahama hivi nitaanza upya, safari hii nikijitetea peke yangu, bila mtu wa kunishtaki.

Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia, bila hotuba, kwamba timba zuri halitoki kwa pigo moja, na kwamba la kwangu lilitoka. Nikamwambia huenda sikulikaza. Akaweka ungo chini.

"Una hakika?"

"Sina, mayu. Wala sitakuwa nayo."

Akapangusa pumba mikononi mwake. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. Nilitegemea pia, nikwambie kweli, kwamba huenda atanisifu kwa kusema. Hata katika hilo bado nilikuwa nasikiliza kama sifa inakuja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema taratibu, "Basi mwanangu hakukosa peke yake."

Akasema, "Wabeja." Unajua Kisukuma vizuri kuliko mimi, dada, unajua kwamba hiyo ni asante tu, haina neno la msamaha ndani yake wala la lawama. Kisha akanipa ungo wa pili, kwa sababu karanga zilikuwa nyingi, na tukapepeta pamoja hadi pikipiki ya kunipeleka stendi ilipofika. Hatukuzungumza zaidi ya kuulizana habari za mvua.

Usiku ule nililala. Rhoda anasema nimeanza kulala kama watoto, na ananiuliza kimetokea nini huko. Nimemwambia yote, sasa nawe nimekuambia. Sijui kama hii ndiyo ile amani padre anayoizungumzia. Mimi naiona kama nyumba iliyohamwa na wapangaji wenye kelele. Ni tupu kidogo, na mtu anasikia hatua zake mwenyewe.

Nina ombi, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Najua ulivyonipigania. Najua uliacha kusalimiana na watu kwa ajili yangu. Naomba uache kusema kwamba mimi sina kosa. Usiseme pia kwamba ninalo. Mtu akikuuliza habari za Davis, mwambie timba lilifungwa na Stanslaus, likatolewa na Davis mwenyewe, na kwamba hakuna aliye hai anayeweza kusema zaidi ya hapo. Ukitaka kuongeza neno, dada, usiongeze.

Nisalimie shemeji, mwambie anywe ile dawa na asijifanye kijana. Mpe mwanao Noela pole ya mitihani. Mwenyezi Mungu akulinde, na goti likikuruhusu, njoo utuone mvua zikikolea.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,

Stanslaus