Kima Waliokula Makaa

Mpenzi Salma,

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako imetukuta hapa Mlandege sote wazima. Goti la bibi yako limepoa, na jana alikwenda Forodhani kwa miguu.

Unasema wenzako shuleni huko Mwanza wanakuita mwongo, kwa kuwa uliwaambia ulimwona nyigu akimburura buibui mkubwa kuliko yeye. Unauliza ufanyeje.

Nilipokuwa na umri wako nilikaa na bibi yangu kijijini, karibu na msitu wa Jozani. Makaa yake yakawa yanapungua kikapuni, akanishuku kuwa nawagawia majirani. Nikamwambia wanaochukua ni kima.

"Kima ana jiko?" akaniuliza, na majirani wakacheka.

Sikubishana. Nilikaa nyuma ya banda na daftari siku tatu. Niliandika: baada ya alasiri, kima watatu, kila mmoja kipande kimoja, wanakitafuna, midomo myeusi. Sikuongeza neno. Nikamsomea Bibi.

"Kesho ntakaa nawe," akasema.

Kesho yake kima mmoja akashuka, akachukua kipande chake, akakitafuna huku akimtazama Bibi usoni. Bibi akanishika kichwa.

"Kumbe jiko lake li tumboni."

Basi andika ulichokiona, Salma, na saa yake, kisha mwombe mwenzako mmoja akae nawe. Mimi nshakuamini. Lakini hukunambia: yule buibui alikuwa hai au amekufa?

Babu yako akupendaye