Reli Yangu Haikatwi

Taban mtoto wangu,

Weka huo msumeno chini kwanza, ndiyo usome. Nani alikuambia nyumba ya mama yako ni mbao za kupasua? Naandika kwa sababu kwenye simu, nikianza tu kusema, wewe unasema mtandao mbaya, unakata. Karatasi haina mtandao. Utasoma mpaka mwisho.

Sasa salamu. Huko Koboko mko wazima? Mgongo wako je? Na shamba la Midia limepata mvua, au mihogo inakauka? Sisi hapa Arua tuko. Dada yako Zubeda ameanza kukanyagia ule mguu uliovunjika. Anafika jikoni na fimbo, analalamika chumvi yangu iko nyingi. Mutu akilalamikia chakula, amepona.

Habari yako imenifika. Wakwe wa binti yako Amina wanakuja kuongea mambo ya ndoa, na wewe unaona haya watakuta meza yangu ya reli na treni ndogo ndani ya chumba changu cha mbele huko nyumbani. Eti watasema bibi ya bibi harusi anacheza kama mtoto. Na kwa sababu meza haipiti mlangoni, unataka kuipasua katikati, uitupe kwa banda la mbuzi.

Sikiliza. Nilipokuwa msichana nauza mihogo pale stesheni ya Pakwach, tuliambiwa reli itavuka mto, ifike Arua, ifike mpaka kwetu. Nimezeeka nikiingoja. Hakuna aliyeileta. Basi nikaileta mimi, kwa spoki za baiskeli na makopo ya mafuta. Wewe umeleta nini Koboko?

Hapa nilipokuja kumuuguza dada yako sikukaa bure. Zubeda akilala mchana, mimi natengeneza mabehewa. Yale ya zamani yalikuwa yanaanguka kwenye kona, kwa sababu magurudumu ya vizibo vya soda hayana ukingo. Sasa kila kizibo nimekibandika kisahani cha bati upande wa ndani, kipana kidogo, kinashika reli. Fundi wa redio sokoni aliniuzia mota ya kaseti huku anacheka.

“Haboba,” akaniita, kama wanavyowaita bibi hapa, “umerudi utotoni?”

Nikamwambia, “Utotoni niliuza mihogo. Huu ndio mchezo wangu wa kwanza. Lete mota.”

Halafu nikafanya ujinga. Unajua upana wa reli yangu ni urefu wa kiberiti. Nikanunua kiberiti duka la hapa, nikapimia, nikakata ekseli za magurudumu ya mabehewa yote. Kuyaweka juu ya kipande cha reli nilichokuja nacho, yakatumbukia katikati. Kumbe huko nyumbani tunanunua kiberiti cha Kongo, na cha Kongo iko kirefu zaidi. Zubeda alicheka mpaka akashika mguu. Nimekata ekseli upya, sasa yanapita bila kutikisika.

Ndiyo ujue. Tofauti ndogo kama ukucha iliangusha treni nzima, na wewe unataka kupitisha msumeno, halafu eti tutaunganisha baadaye. Haiungani. Hiyo reli nimeinyoosha kwa macho yangu, na macho niliyobaki nayo hayatoshi kuanza tena.

Kama wakwe wanaona haya kuoa kwenye nyumba yenye treni, waende wakaoe kwenye nyumba yenye televisheni. Amina mwenyewe alinipigia kwa simu ya Zubeda, analia. “Haboba,” akasema, “wakiitoa hiyo meza, nitaona kama nimeolewa kutoka nyumba ya watu.” Huyo ndiye anayeolewa. Si wewe.

Nisalimie mke wako, mwambie asianike nguo juu ya stesheni yangu. Nisalimie shemeji yangu Rajabu, fundi baiskeli wa Dranya, anayenitunzia spoki mbovu. Na jirani yetu Mama Keji, yule aliyetoka Sudan Kusini, anayenipangusia vumbi wakati mtoto niliyemzaa anatafuta msumeno.

Nakuja Jumamosi na mabehewa ndani ya kikapu. Kabla sijafika, toa magunia yako ndani ya hicho chumba, panga viti kuzunguka meza. Wageni watakaa hapo, watakula hapo, wataongea mahari hapo. Baba ya bwana harusi umkalishe karibu na stesheni, umpe filimbi mkononi, umwambie treni haiondoki mpaka yeye apulize.

Mimi mama yako, mwenye nyumba.