Makarto ya Vitabu kwenye Barabara ya Nyakiriba

Vestine, mupwa wangu,

We unanijua mi: mujomba mwenye aliogelea toka Gisenyi mpaka Goma na mbuzi kwenye bega. Sasa huku watu wanasema siku ile ya Nyakiriba niliangusha watu watano. Mi ndiye niliwaambia watano. Leo wamefika saba, na sijakatala.

Vitabu yako iko kwenye biblioteki ya labo ya iniversite, kule wanafunzi wanajifunza kupima magonjwa. Karibu yote iko na alama ya panga. Ile kubwa ya magonjwa ya damu ilikatwa mpaka katikati, nikaishona na uzi ya viatu, na hapa mujini hakuna fundi mwenye angeshona vile. Kurasa zingine hazifunguki. Damu yako imezigandisha.

Unakumbuka kitabu kinene nilikuletea toka Goma? Nilijisifu vile ilikuwa nzito. Ukafungua, ukanirudishia: "Mujomba, picha ya damu ya malaria bila rangi itafundisha mutu kuua." Nilinuna wiki muzima. Mi niliishia darasa ya tatu, na we mutoto ndiye ulikuwa unachagua vitabu ya iniversite.

Donc, sikia kile sijaambia mutu. Siku moja kabla ya safari, kwenye kabare, nikikunywa pombe na wanaume fulani, nilisema mupwa wangu kesho anapandisha kwa barabara ya Nyakiriba makarto, boksi kubwa ya dawa toka Ulaya. Niliona vitabu ni kitu kidogo mbele ya wale wanaume. Dawa ndiyo ilikuwa na ukubwa.

Asubui watu ya bunduki na panga wakasimamisha gari yetu. Dereva walimupiga risasi ya shingo. Mi nikakimbia, nikalala kwenye shamba ya maharagi, udongo mudomoni. Wakapasua makarto, wakauliza dawa iko wapi. Ukasema ni vitabu tu, ya wanafunzi. Mumoja akacheka.

"Mujomba yako alisema dawa."

Halafu panga. Ulikuwa umekumbatia ile ya damu kwenye kifua, wakakata kitabu na kifua pamoja. Uliita jina yangu mara mbili. Sikunyanyuka.

Kesho mukubwa wa iniversite ananisimamisha mbele ya wanafunzi nielezee vile nilipigana. Mama yako atakaa pale mbele. Nitasema kabare. Nitasema maharagi. Akinitemea mate, bon, nitasimama palepale mpaka amalize.

Pumzika, mutoto ya dada yangu. Nakuahidi iyo tu, na siombi unisamehe kabla yeye hajasikia.

Mujomba yako, mwenye alikimbia.