Arobaini Elfu ya Mwisho ya Shamba la Baba

Njia ya Mashamba Na. 2,
Wendorf, Nebraska.
Jumamosi, 11 Machi 2000

Mpendwa mdogo wangu Harlan,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako, wewe na wifi yangu Rosalie na kijana wenu Dale. Mgongo wako unaendeleaje? Rosalie aliandika kwenye kadi ya Krismasi kwamba huwezi kulala chali na bado unapanda ngazi kutengeneza ndege kila siku. Usijifanye kijana. Na huko Alaska jua limeanza kurudi, au bado mnakula chakula cha mchana gizani?

Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila siku ya maharage ya nyama shuleni, maana siku hiyo lazima pawepo na mikate ya mdalasini, na kukanda unga wa watoto mia mbili na kumi si mchezo. Lakini nalala, nakula, namshukuru Mungu.

Kwaresima imeanza Jumatano. Supu ya kwanza kanisani ilikuwa zamu yetu akina mama tunaoshona mablanketi ya viraka. Tulipika ya kuku na tambi. Mchungaji alirudi kwenye sufuria mara tatu, kisha akapanda mimbarani kutuhubiria juu ya kufunga. Alma Wiechert alinifinya paja, ikabidi nijifanye nakohoa.

Ndugu yetu Joyce hajambo. Bado anakunja taulo hospitalini kila asubuhi, na Jumapili namchukua tunakula pamoja. Amenenepa kidogo. Anakuulizia kila wiki.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliisoma mara mbili, na kile kipande cha gazeti ulichokata nimekisoma pia. Mnunuzi alimaliza kulipa tarehe mosi Machi kama tulivyopatana, kwa hiyo arobaini elfu ya mwisho ya shamba la Baba iko benki. Unataka iende kwenye ule mfuko wa hisa za kampuni za kompyuta na intaneti, na yale malipo matatu ya mwanzo yafuate baadaye. Unasema mfuko wako ulipanda dola themanini kwa kila mia mwaka jana, na huu wetu ulipanda dola mbili. Ni kweli. Nimeangalia karatasi zetu, ni dola mbili na senti kumi.

Kabla sijakujibu, kuna jambo ninalopaswa kukuungamia. Nimelibeba tangu Januari.

Unajua tulivyolelewa. Hapa Wendorf kila mtu anajua una ekari ngapi, lakini hakuna anayekubali kwamba anajua zimekuletea dola ngapi, na mwenyewe hutamki. Mama alikuwa akihesabu pesa za mayai akiwa amefunga pazia. Kwa hiyo malipo ya kwanza yalipokuja, mwaka tisini na saba, nilimpelekea Milo Ahrens, yule anayeimba sauti ya nne kanisani na kuuza mifuko ya hisa pale nyuma ya kinyozi. Ya pili nikaona nikimpelekea yeye tena, ataanza kujumlisha. Nikaenda kwa muuzaji mwingine kule makao ya wilaya. Ya tatu nikavuka mto mpaka kwa Mkatoliki. Wote watatu niliwataka waninunulie mfuko uleule. Nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Januari tulikuwa tunashona, na nikamwambia Alma kwamba nimeazimia kusoma kile kijitabu cha masharti ya mfuko, maana kimekaa jikoni miaka mitatu nikiweka sufuria za moto juu yake. Unamkumbuka Alma, alikuwa akiunganisha simu za mji huu, hakuna siri iliyompita. Akakitwaa, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa nne kwa sauti kama anasoma Waraka kwa Warumi.

“Verna, ada ya kuingia ulikatwa ngapi?”

“Ada gani? Mimi sikulipa ada, nilinunua tu.”

“Ulikatwa, mama. Dola tano na senti sabini na tano kwa kila mia, kabla pesa haijakaa vizuri kitini.”

“Milo hakuniambia.”

“Ulimuuliza?”

Nikarudia kutunga uzi sindanoni.

“Nyama ya kusaga unauliza bei mpaka muuzaji anakukimbia,” akasema, “lakini pesa ya baba yako unaitoa kama sadaka, macho umefumba.”

Wenzetu wakacheka mpaka mmoja akapoteza sindano. Mimi sikucheka, maana Alma alikuwa ameendelea chini. Ada hiyo inapungua kadiri pesa yenu kwenye mfuko inavyoongezeka. Ikifika elfu hamsini inashuka mpaka nne na nusu, ikifika laki moja inashuka mpaka tatu na nusu. Lakini lazima uwaambie kwamba una nyingine kwingine. Mimi nilizunguka wilaya tatu ili nisimwambie mtu. Kwa hiyo tulikatwa elfu mbili na mia tatu mara tatu, kamili. Ningesema, ya pili ingekatwa elfu moja na mia nane, na ya tatu elfu moja na mia nne. Nimepoteza dola elfu moja na mia nne, Harlan, kwa sababu ya aibu. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya sehemu yetu ya chumba cha Joyce.

Nisamehe. Ilikuwa pesa yako pia.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Milo nikiwa na aproni ya kazini. Nikakaa. Nikamuuliza swali ambalo sijawahi kumuuliza mtu.

“Milo, kwenye arobaini elfu yetu ya kwanza, wewe ulipata ngapi?”

Akavua miwani. “Miaka ishirini na sita nauza, Verna. Wewe ni wa tatu kuniuliza. Wawili wa kwanza walikuwa Wapresbiteri.”

“Jibu basi.”

“Kwangu ilifika kama elfu moja na mia nne. Na kila mwaka napata robo dola kwa kila mia, ilimradi hujatoka.”

Nikamweleza habari za wale wawili wengine.

“Mpaka kwa Mkatoliki?”

“Mpaka kwa Mkatoliki.”

“Hapo umeniumiza. Ungeniambia tu, ni mstari mmoja kwenye fomu.”

“Ningekuambia, ungejua tuna kiasi gani.”

“Verna, mimi ndiye niliyeshika kamba walipopima shamba lenu. Ekari mia na sitini. Bei ya ekari ilitoka gazetini. Mji mzima ulijumlisha kabla ya chakula cha jioni.”

Alipiga simu kwenye kampuni ya mfuko nikiwa palepale. Kilichokatwa hakirudi, ila kuanzia sasa zile akaunti tatu zinahesabiwa pamoja. Sina kinyongo naye. Sikumuuliza naye hakusema, na pale kanisani sote tunaita hiyo adabu.

Tangu hapo nimejifunza, na nataka nawe uelewe, maana hiyo ya kuingia ndiyo inayoonekana. Kuna nyingine ya kila mwaka ambayo haiji na bili. Wanaichota kidogo kidogo ndani ya mfuko kila siku, wewe unaona bei ya kipande imebaki ilivyobaki. Kwenye mfuko wetu ni dola moja na senti kumi na tano kwa kila mia. Mfuko wako wa kompyuta unasema hautozi ada ya kuingia, na hiyo ni kweli, lakini nimesoma maandishi madogo: dola moja na senti tisini kila mwaka, ukipanda au ukianguka. Na meneja wake ananunua na kuuza bila kupumzika, na kila akiuza kwa faida kodi inatujia sisi, hata kama hatukugusa kitu. Huu wetu hisa moja inakaa miaka minne, mitano.

Ndiyo kazi yenyewe ya mfuko wa namna hii. Wanatafuta kampuni ambazo soko limezinunia. Faida zipo, madeni yanalipika, lakini bei ya hisa iko chini ya thamani ya kampuni. Wananunua, wanangoja, na wakati wanangoja wanapokea gawio. Soko likija kuzikumbuka, wanauza. Sasa hivi tunamiliki vipande vya reli, bima, supu za kopo na magurudumu. Hakuna anayezungumzia supu za kopo huko karakanani kwenu, najua.

Sikufichi upande mwingine. Si kila kilichoshuka bei kina thamani. Mwaka juzi walinunua hisa za kampuni ya viatu wakidhani imelala, kumbe imekufa. Na kungoja kunaweza kuchukua miaka, na katika miaka hiyo utakuwa unachekwa. Mimi nachekwa kila Jumapili kwenye kahawa. Kijana wa benki aliniambia, “Mama Tiedeman, wewe bado unakusanya vitu vya mnada?” Nikamwambia ndiyo, na mnunuzi wa vitu hivyo haji kwenu kukopa.

Lakini Harlan, hebu tuangalie pesa hii ni ya nini. Baba aliandika shamba kwa majina yetu mawili kwa neno moja tu, kwamba Joyce asikose mahali. Serikali inalipa sehemu yake ya ile nyumba anakotunzwa Joyce na wenzake wasioweza kuishi peke yao, sisi tunalipa dola mia nne na kumi kila mwezi, na pesa hiyo inapatikana kwa kuuza vipande. Bei ikiwa juu tunauza vichache. Bei ikianguka nusu, tunauza mara mbili, na vilivyouzwa havirudi tena hata bei ikipanda kesho yake. Wewe pesa yako mwenyewe ikianguka utavumilia, una mshahara. Joyce ana miaka arobaini na saba, na daktari anasema moyo wake ni mzima. Tunapanga habari ya miaka ishirini na mitano. Mwaka huu wanawake wawili wa nyumba ile familia zao zimeshindwa kulipa. Wamepelekwa kwenye lile jengo kubwa la serikali, saa tatu kwa gari kutoka hapa, vitanda kumi na sita kwenye ukumbi mmoja.

Kwa hiyo nimeamua hivi, kwa upande wa saini yangu. Hii arobaini elfu ya mwisho siipeleki kwenye kompyuta, wala siipitishi kwa Milo. Alma amenionyesha mfuko mwingine wa hisa za namna ileile unaouzwa kwa posta, bila muuzaji. Kuingia hukatwi kitu, na kwa mwaka ni senti thelathini na tano kwa kila mia. Kwa arobaini elfu hiyo ni kama dola mia tatu na ishirini tunazobakiza kila mwaka. Na ile mia nne na kumi ya kila mwezi tutaitoa kwenye ule mfuko wa ghali, upungue wenyewe polepole, huu wa rahisi tuuache ukue. Kama tutapata kidogo kuliko rafiki zako, na tupate kidogo.

Nilimwambia Milo uso kwa uso, sikutaka asikie kwa akina mama wa mablanketi. Alicheka kidogo. “Alma ameshapita, naona.” Nikasema amepita. “Yule mama angeuza hisa,” akasema, “mimi ningekuwa nafagia kanisa.” Jumapili tulikaa benchi moja kama kawaida, na sauti yake ilikuwa nzuri.

Ile elfu moja na mia nne niliyoipoteza nitairudisha kutoka mshahara wangu, hamsini kila mwezi, kwenye huo mfuko mpya. Usinikatalie. Nitalala vizuri zaidi.

Jambo la mwisho. Joyce aliwaona wenzake wakifungasha. Jumapili iliyopita, kabla hatujasali kwa ajili ya chakula, akaniuliza, “Mimi nitahama, Verna?”

Nikamwambia, “Huhami.”

Akafikiri. “Harlan amesema?”

Nikamwambia Harlan ataandika.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Mahali pako ni mstari wa pili, chini ya jina langu, na stempu ya kurudishia nimeshabandika. Ukikubali, irudishe. Usipokubali, pesa itakaa benki mpaka tupatane, sitakusukuma wala sitakununia. Ila barua ya kukataa usiniandikie mimi. Mwandikie Joyce mwenyewe, kwa herufi kubwa, maana anasoma polepole na hapendi kusomewa.

Nisalimie sana wifi Rosalie, mwambie mbegu za maua alizotuma nitazipanda baridi ikiisha. Nibusie Dale. Joyce anakusalimu, na Alma naye, anasema ukija ulete samaki. Bwana akulinde kazini na barabarani, akunyooshe mgongo, na aupe moyo wako utulivu unapoisoma karatasi hii.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukutaja kila asubuhi katika sala,

Verna Tiedeman