Siku Niliyoshika Kipaza Sauti Durban

Durban, Jumatatu

Baba yangu,

Shikamoo, wewe na mama. Naomba barua hii iwakute goti lako limetulia na baridi haijawafungia ndani. Mdogo wangu Bupe aliniambia kwamba ukungu wa mwaka huu unakaa mpaka saa nne, na wachuma chai wanaingia shambani na makoti. Ng'ombe ameshazaa? Na ile migomba ya bondeni iliyolazwa na upepo, mmeiwekea miti? Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, isipokuwa ndizi. Hapa wanazijua zikiwa mbivu tu, ukimwambia mtu kwamba kwenu zinapikwa na maharage anakutazama mara mbili.

Barua hii anawaletea Dada Rehema, yule mfanyabiashara wa nguo wa Ibighi, aliyekuja huku kuchukua mzigo. Simu yako inakatika kila ukishuka bondeni, na habari ninayoileta haitaki kukatwa. Bupe akusomee taratibu, asiruke.

Unajua kwamba tangu nije kwenye kampuni hii ya kutembeza wageni nimekuwa msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu watu, kugawa maji na kushika mlango wa basi. Anayeongea ni Bwana Sipho, mzee wa hapa hapa, anayeijua Durban kila kona. Basi Jumamosi asubuhi nikafika ofisini, nikamkuta amekaa kimya na shali shingoni. Mafua yamemkausha sauti, hata salamu anaitika kwa mkono. Mwenye kampuni, mama mmoja mkali lakini wa haki, akanitazama, akasema tuna wageni ishirini na watatu wanasubiri, ama awarudishe ama nisimame mimi. Nikasema nitasimama.

Wageni wenyewe walikuwa kwaya ya akina mama kutoka Malawi, wengi wao wa Karonga, waliokuja kwenye mkutano wa kanisa na wakapewa siku moja ya kutembea. Walivaa sare, kitenge cha bluu na vitambaa vyeupe kichwani. Kiongozi wao alikuwa mwanaume, mwalimu mkuu mstaafu, Bwana Nyirenda. Aliponisikia najitambulisha kuwa natoka Tanzania, akamgeukia dereva kana kwamba mimi sipo, akamwambia wao waliomba mwenyeji wa hapa, hawakuomba mgeni mwenzao.

Basi zima lilisikia. Nilitamani kushuka. Lakini nilikuwa nimeshashika kipaza sauti, nikamjibu kwa heshima: "Mzee wangu, mimi nilifika hapa sijui hata pa kuvukia barabara. Najua mgeni anataka kuelezwa nini." Akakaa, tukaondoka.

Natamani ungeniona. Nilianza na bandari, nikawaonyesha winchi zinavyoinua makontena kama mtu anavyopanga matofali. Nikawapitisha uwanja wa mpira wenye tao juu, ambalo watu hupanda kwa ngazi mpaka kileleni wakaona mji wote. Bwana Sipho huongea Kiingereza tu, lakini nikaona akina mama wa nyuma hawacheki wenzao wanapocheka. Nikajaribu kurudia maneno mawili matatu kwa Kinyakyusa chetu, kwa sababu nilikumbuka Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu kwa lugha. Baba, basi liliitika. Kutoka hapo nikawa naeleza kila kitu mara mbili, Kiingereza kwa wa mbele na Kinyakyusa kwa wa nyuma, na pale maneno yetu yalipopishana wakanisahihisha kwa vicheko.

Tulifika ufukweni saa nne. Pale kuna barabara ndefu ya watembea kwa miguu, vijana wanateleza na ubao juu ya mawimbi, na wako wanaume wanaovuta mikokoteni ya kubeba abiria, vichwani wamevaa mapembe na shanga za kila rangi. Mgeni mzee kuliko wote, Bibi Esinati, alisimama akaitazama bahari, akasema mbona hili ni ziwa tu, na lao ni zuri zaidi. Nikamwambia aonje. Akachota kwa kiganja, akatema, akasema nani amemwaga chumvi yote hii. Tulicheka mpaka na Bwana Nyirenda akacheka.

Sasa nisikilize, Baba, maana hapa sitajipamba. Muda wa kuondoka nilihesabu watu ndani ya basi, wakatimia ishirini na watatu. Kabla mlango haujafungwa Bwana Nyirenda akaniita mbele, akaanza kunionyesha saa na kulalamika kwamba tumechelewa. Nikageuka kumsikiliza. Dereva akafunga, tukaenda. Tulipofika soko la Wahindi, kule kwenye viungo vilivyorundikwa rangi rangi, nikahesabu wakishuka. Ishirini na wawili. Nikahesabu tena. Bibi Esinati hayupo. Jirani yake alidhani amehamia viti vya mbele. Hana simu, hajui Kiingereza wala Kizulu.

Akina mama wengine wakaanza kulia. Bwana Nyirenda akataka watu wote watawanyike kumtafuta, huyu huku, yule kule. Nikasema hapana, nitapoteza na wengine. Nikawarudisha wote ndani, nikawaambia kwa lugha zote mbili kwamba kosa ni langu, nilihesabu kabla ya mlango kufungwa. Kisha nikampigia mwenye kampuni nikamweleza vile vile, bila kupunguza. Akasema, "Mtafute kwanza." Nikamwomba dereva aturudishe ufukweni.

Njia ile si ndefu, lakini kila taa ilitusimamisha. Nilikuwa namfikiria bibi wa umri ule mbele ya maji asiyoyajua. Tulipofika nilikimbia mpaka pale alipoonjea. Hakuna mtu. Nikawauliza wanaume wa mikokoteni kwa Kizulu changu cha kuokoteza kama wamemwona gogo mwenye kitenge cha bluu, maana huku bibi huitwa gogo. Mmoja akaninyooshea mkono kwenye kibanda cha waokoaji, wale wanaolinda waogaji.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mgongo umenyooka, chupa ya maji ya bahari ameikumbatia kifuani. Waokoaji wawili walikuwa wamechuchumaa mbele yake. Wakaniambia tangu wamkute hajajibu neno, amekataa maji ya kunywa na amekataa kuinuka. Nikapiga magoti mchangani kama mama alivyonifundisha kuwaamkia wakubwa, nikamwambia, "Mugonile." Kisha akapumua, akaniambia kwa Kingonde chake taratibu kabisa, "Niliwaza, yule mtoto anayesema kama sisi akirudi, hapa ataniona. Ndiyo maana nikakataa kuhamishwa."

Kumbe alishuka kujaza chupa ile. Ana dada yake Karonga, mgonjwa wa miguu, aliyemwomba amletee bahari aione. Niliona hata aibu ya kumlaumu. Nikamwomba msamaha, naye akasema tusamehane, maana aliondoka bila kuaga. Tukarudi kwenye basi tumeshikana mikono. Wenzake walimpokea kwa vigelegele, wakaimba njia nzima, na soko tukaliona baadaye bila haraka. Wamenunua bizari na pilipili nyingi, nadhani Karonga yote itapiga chafya.

Jioni ile ile niliandika ripoti, na kosa langu nikaliweka mstari wa kwanza. Sikulala vizuri, maana mkataba wangu wa majaribio ulikuwa unaisha mwezi huu na nilijua mtu anaweza kufukuzwa kwa jambo kama hilo. Jana mwenye kampuni akaniita. Alinisema kwa kosa hilo, na alinisema sawasawa. Kuanzia sasa hakuna msaidizi wala mwongozaji atakayehesabu watu mlango ukiwa wazi. Alipomaliza akaniambia Bwana Nyirenda amepiga simu. Nikajua ni malalamiko. Kumbe mkutano wao umeongezwa siku mbili, na watakwenda milimani kuona maporomoko ya maji. Amesema hataki mwongozaji mwingine ila yule binti wa Tanzania. Mkataba wangu nimeusaini, Baba. Mimi si msaidizi tena. Bwana Sipho, kwa sauti yake iliyokwaruza, amenipa kofia yake ya kazi. Ni kubwa kwangu, lakini naivaa.

Mama mwambie shuka aliyonipa ndiyo ninayojifunika hadi leo. Bupe asome, nami nitamtumia picha za ule uwanja. Msalimie baba mdogo, ambaye alisema kazi hii ni ya kuzurura. Mwambie nimezurura na watu ishirini na watatu na wote nimewarudisha. Mamdogo wa Lupepo, na majirani wote wanaouliza habari zangu, wape salamu.

Neno lililobaki ni la kwako. Tulipowafikisha wageni nyumba ya kulala, Bibi Esinati alishuka wa mwisho. Alinishika mkono mlangoni, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikajua hataki jina langu. Nikajinyoosha, nikasema kwa sauti: mimi ni mtoto wa Ambakisye, mwana wa Kalobo, wa Ikuti, Rungwe. Wenzake walikuwa wamesimama wanasikiliza. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Mwambie baba yako kwamba amelea."

Nimekuambia, Baba, na asante sana kwa kunilea. Ndaga fijo.

Binti yako,
Atupele